Mtani ni nani, na neno lake lilianzia wapi?

Swali: "Ninasomea ualimu hapa Eldoret na ninaandika insha kuhusu watu wanaoikosoa jamii kwa kuichekesha: wachora katuni, wachekeshaji wa jukwaani, wanaoiga sauti za wakubwa. Mwalimu wetu anataka tupate neno moja la Kiswahili la kuwaita wote. Nimekutana na wakejeli, wadhihaki, hata waandishi wa tashtiti. Mwenzangu kutoka Tanzania anashikilia kwamba neno ni watani. Kwetu sisi utani ni mzaha tu. Mtani ni nani hasa, na neno hili limetoka wapi?"

Ndugu yangu, mwenzako wa Tanzania amekupa neno tamu kuliko yote uliyoyataja. Tatizo ni kwamba linamhusu mtu mwingine kabisa, si hao unaowaandikia. Ili nikuonyeshe tofauti itabidi nianzie makaburini.

Miaka mingi iliyopita tulimzika shangazi yangu kule Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Sala zilikuwa zimekwisha na vijana wameshika kamba tayari kuteremsha jeneza, lakini kaburi halikuwa tupu. Mzee mmoja alikuwa amelala humo chali, mikono kifuani, kofia ameifunika usoni. "Nyumba hii imeshapata mpangaji," alisema kutoka chini. "Tafuteni nyingine." Hakuna aliyemkemea. Watu walicheka, na mjomba wetu akachomoa noti akamrushia. Mzee akainua kofia, akaigeuza ile noti huku na huku, akauliza: "Na hii ndiyo mliyokuwa mkimnunulia dawa?"

Kicheko kilikatika. Shangazi aliugua miezi minane, na wanawe wawili wenye kazi zao mjini walikuwa wakimtumia salamu. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza kwa sababu msiba una adabu zake. Noti zilianza kumiminika kaburini, za wale wawili zikitangulia, ndipo mzee akanyoosha mkono avutwe juu. Usiku mkewe alijifunga kanga za marehemu, akapita mbele ya wafiwa kwa mwendo wa marehemu, kisha akaenda jikoni kupima sukari ya chai kwa kijiko kidogo huku akikisawazisha kwa kidole, maana shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mbahili. Binti yake mkubwa alicheka hadi akaniangukia begani, kisha akalia kilio ambacho kwa siku mbili kilikuwa kimemkwama. Asubuhi mzee na mkewe waliondoka na jogoo wetu mkubwa bila kuaga.

Hao ndio watani. Si ndugu zetu wa damu. Ni watu wa ukoo ambao una utani na ukoo wetu tangu enzi za mababu: wao hutucheka nasi huwacheka, wao hutuzika nasi huwazika. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kila ukoo unawajua watani wake bila kuandikiwa popote. Mwanaanthropolojia Mmarekani James Christensen aliandika makala kuhusu utani wa Waluguru mwaka 1963, na kwenye kichwa chake aliuweka mzaha pamoja na wajibu. Alikuwa sahihi. Anayeuona mzaha peke yake ameona nusu ya jambo, na kwa maoni yangu ni ile nusu ndogo.

Wataalamu wa kigeni walianza kuliandikia jambo hili kwa wingi katika miaka ya 1940. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ule ambao desturi inamruhusu mtu, na pengine kumlazimisha, kumtania mwenzake, na mwenzake naye analazimika kutokasirika. Lishike hilo neno "analazimika", tutalirudia. Mwaka uliofuata makala juu ya utani wa Tanganyika ilichapishwa na R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Sijui kama kuna kazi nyingine inayomfundisha mtu vizuri namna hiyo kukaa kimya na kusikiliza makelele.

Sasa, utani una ngazi zake. Ngazi ya kwanza iko nyumbani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumlalamikia kwamba chakula kimechelewa. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume" na kumdai kanga ya sikukuu. Shemeji hutaniana. Watoto wa mjomba na wa shangazi hutaniana sana, na msemo wa pwani usemao "binamu nyama ya hamu" umetoka huko. Lakini huwezi kumtania mkweo. Ukikutana naye njiani unainamisha macho, na pengine unaikwepa njia yenyewe. Ngazi ya pili ni hiyo ya koo, niliyokwisha kuieleza. Ya tatu ndiyo inayowashangaza wageni: kabila zima kuwa watani wa kabila jingine. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo. Wangoni ni watani wa Wahehe. Wachaga na Wapare hawawezi kupanda basi moja bila mmoja kuanza: Mpare ataambiwa kwamba ni bahili, Mchaga ataambiwa ukitaka kujua kama kweli amekufa angusha sarafu karibu na sikio lake. Watu ambao hawajawahi kuonana watatukanana hivyo kutoka Moshi hadi Chalinze, na wakifika hotelini mmoja atamlipia mwenzake chai.

Utani wa makabila ulianzaje? Kuna njia mbili zinazotajwa zaidi, na zote mbili zina maana. Moja ni vita. Wangoni walitoka kusini kabisa, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakafika Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika. Kundi moja likaenda kaskazini hadi Unyamwezi na mengine yakashuka upande wa Songea. Kati ya 1878 na 1882 walipigana na Wahehe vita vikali ambavyo hakuna aliyevimaliza kwa ushindi wa wazi. Watu waliouana kiasi hicho, halafu wakabaki majirani, wana mambo mawili ya kuchagua: kuendelea kuuana, au kutafuta namna ya kukumbushana bila kushika mikuki. Wahehe na Wangoni wa leo wakikutana hukumbushana nani alikimbia, na kila upande una jibu lake.

Njia ya pili ni ya msafara. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kila mwaka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, pembe za ndovu mabegani. Walipita kwa Wagogo, kwa Wasagara, kwa Wazigua, kwa Wazaramo. Mpagazi akiugua njiani, nani atamtunza? Akifa, nani atamfukia? Hana ndugu pale. Mtani ndiye aliyejaza pengo hilo. Mgeni alipofika katika kijiji cha watani wake aliweza kuchuma muhogo shambani bila kuitwa mwizi, aliweza kudai maji na mahali pa kulala, na alipokufa alizikwa. Badala yake alivumilia kuchekwa lafudhi, chakula na nguo zake. Bei nafuu sana ukiniuliza mimi.

Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini mtani na kaburi haviachani. Mfiwa ana majonzi, na kwa mila za makabila mengi ana mwiko pia. Hapaswi kugusa baadhi ya vitu vya marehemu wala kufanya baadhi ya kazi. Adui hawezi kuzifanya, maana hana nia njema. Anatakiwa mtu wa karibu kiasi cha kuaminiwa, na wa mbali kiasi cha kutoliwa na huzuni. Mtani huchimba kaburi, huosha maiti, hugawa nguo za marehemu, huwalazimisha wafiwa kula. Akishakupikia uji siku ambayo huwezi kuinua kijiko, ana haki ya kukwambia kwamba mama yako alikufa akikungoja.

Tuje kwenye neno lenyewe. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, mtani hafafanuliwi kwanza kama mtu wa mzaha. Anafafanuliwa kama mtu wa kabila au ukoo wenye udugu na wako, kwa hiyo mtu mliyezoeana. Mzaha unakuja baadaye, kama matokeo ya kuzoeana huko. Kwa hiyo kilichotangulia ni jina la uhusiano: mtani, watani, utani, kama vile jirani na ujirani, shemeji na ushemeji. Kitendo, yaani kutania, kimekaa juu ya uhusiano. Ninyi huko Kenya, na vijana wetu wa Dar es Salaam pia, mmekigeuza kichwa chini: mnaanza na kutania, halafu yeyote anayetania mnamwita mtani, na ukimuudhi mtu unajitetea "nilikuwa nakutania tu". Mzee wa Matombo asingesema hivyo. Hakuwa anatania "tu". Na Kenya kwenyewe usiseme utani wa zamani haupo. Wamijikenda wa pwani yenu wana watani wanaochafua hali ya hewa msibani kwa namna ambayo ningeitambua mara moja.

Zingatia jambo jingine ambalo hupendeza kulitazama. Maneno yetu mengi ya kucheka na kuchekana yamekuja na majahazi. Dhihaka imetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kucheka. Mzaha ni wa Kiarabu. Masihara ni wa Kiarabu. Stihizai, ambalo wahakiki hulipenda kwa kuwa linasikika kama mtu anapiga chafya, ni wa Kiarabu. Mwambao ulipojifunza kuandika na kughani kwa herufi za Kiarabu ulijifunza pia majina ya namna za kumsema mtu. Mtani hayumo ndani ya mzigo huo. Linakaa kwenye ngeli ya m- na wa- kama limezaliwa humo, na jambo lenyewe liko bara yote ya Wabantu, hata pale ambapo jina ni tofauti. Wabemba wa Zambia wana utani wa koo wanaouita bunungwe, koo zikipangwa mbilimbili kama chui na mbuzi. Audrey Richards aliuandikia mwaka 1937. Mbali zaidi, huko Niger, UNESCO iliuingiza utani wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014.

Mwalimu wenu atataka pia kusikia kuhusu tashtiti, kwa hiyo tulimalize hilo. Ni neno lenye sura mbili na linawaponza watahiniwa. Katika vitabu vya shule vya kwetu, tashtiti ni tamathali ya kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana: unamkuta rafiki yako ameketi mbele yako, unasema, "Ah, kumbe upo?" Katika uhakiki wa fasihi, neno hilohilo limetumiwa kwa ule utanzu wa kukosoa kwa kukejeli, utanzu ambao Wazungu waliurithi kutoka kwa Warumi. Ukilitumia katika insha, sema tangu mwanzo unalitumia kwa maana ipi.

Hao Warumi nao wana kisa. Utanzu wao waliuita satura, na neno hilo liliambatana na sahani iliyojazwa matunda ya kila namna, yaani mchanganyiko wenye kushibisha. Mashairi ya Lucilius, karne ya 2 kabla ya Kristo, yalikuwa hivyo: leo siasa, kesho ulafi, keshokutwa wanawake wa mjini. Quintilian alijisifu kwamba utanzu huu ni wa Warumi wenyewe mwanzo hadi mwisho, tofauti na mengine waliyochukua kwa Wagiriki. Juvenal, akiutazama mji wa Roma ulivyooza, aliandika kwamba ni vigumu mtu kutoiandika satura. Baadaye wasomi wa Ulaya walilichanganya jina hilo na wale viumbe wa hadithi za Kigiriki wenye miguu ya mbuzi, wakadhani mkejeli ni lazima awe mkali na mchafu kama wao, hadi Isaac Casaubon alipotenganisha maneno hayo mawili katika kitabu chake cha mwaka 1605. Kwa hiyo jina lao lilianzia kwenye chakula, letu likaanzia kwenye ujamaa. Ingawa ukikumbuka jogoo wetu utaona kwamba na sisi sahani haikuwa mbali.

Sasa kipimo. Nimekwambia ulishike neno "analazimika". Mtani ana leseni, lakini hakujipa mwenyewe, wala hakupewa na wanaomshangilia. Amepewa na yule anayetaniwa, kwa sababu yule naye ana leseni hiyohiyo dhidi yake. Ndiyo maana haiwezekani kuwa mtani peke yako. Waulize hivi wachora katuni na wachekeshaji wako: je, anayechekwa anaweza kujibu kwa kiwango kilekile, na je, mkosoaji atakuwepo siku ya kumzika? Ukipata "hapana" mara mbili, huyo si mtani. Anaweza kuwa mtu muhimu kuliko mtani, lakini si yeye.

Mchukue Gado, Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye kuanzia 1992 alichora katuni kwenye gazeti la Nation huko kwenu hadi 2016, na ambaye vikaragosi vyake vya XYZ vilianza kuwachezesha wanasiasa wa Kenya kwenye televisheni mwaka 2009. Wachukue vijana wa Redykyulass, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walithubutu kumuiga Rais Moi angali madarakani, jambo ambalo miaka 10 kabla yake lingewapeleka pabaya. Hao walichekesha wakiwa wazi upande mmoja. Rais hakuwa na wajibu wa kutokasirika. Aliweza kukasirika, ana polisi, ana mawakili, na mwenye gazeti ana simu inayolia usiku. Kejeli yao ilikuwa na ujasiri ambao mtani hahitaji kuwa nao. Yule mzee kaburini hakuwa jasiri. Alikuwa kazini.

Kwetu nako ulitokea mfano unaofaa. Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan alitengeneza picha akabadilishana sura na Rais Magufuli, siku ya kuzaliwa ya Rais, akaiweka mtandaoni. Aliishia kuhojiwa polisi. Watu wengi walishangaa: nchi ya utani imekuwaje haiwezi kustahimili utani? Nilivyoona mimi, walichanganya maneno mawili. Ule ulikuwa mzaha wa raia kwa mkubwa, hauna ukoo wala kabila nyuma yake, kwa hiyo haukuwa na mlango wa kuutetea kwa mila. Ulihitaji kutetewa kwa sheria na uhuru wa kusema, na huko ni uwanja mwingine ambao Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeubana. Kuuita utani kulimsaidia kidogo sana.

Pwani ina wasemaji wengine ambao ungeweza kuwaweka kwenye insha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, nusu ya kwanza ya karne ya 19, alimrushia tungo Seyyid Said na wenyeji wa Lamu. Huyo ni mkejeli wa siasa, na alikuwa na mji wake mzima nyuma yake. Waimbaji wa taarabu wana mipasho, kutokana na kupasha, maana mtu anapashwa habari zake mwenyewe mbele ya watu. Mitaani tuna vijembe. Kijembe ni kitu kidogo chenye makali, na jina linajieleza. Halafu kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, kila Julai, ambapo wanaume wa pande mbili hutandikana kwa migomba na wanawake huimba matusi, kisha mwaka mpya unaanza na watu wanakwenda kula pamoja. Huo unaukaribia utani sana, ila leseni yake ni ya siku moja.

Mahali ambapo neno letu limehamia mjini bila kupoteza mizizi ni mpira. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na hakuna mtangazaji wa Tanzania anayeweza kumaliza dakika tano bila kusema hivyo. Wengi hudhani ni maneno ya mbwembwe tu. Lakini angalia: Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na simulizi ya mji ni kwamba ya pili ilitoka tumboni mwa ya kwanza. Ni udugu uliotengana, sawasawa na maana ya kamusi za zamani. Nyumba moja huwa na mume wa Simba na mke wa Yanga. Simba walipowafunga wenzao 6-0 mwaka 1977 na 5-0 mwaka 2012, deni liliwekwa. Yanga walipowafunga Simba 5-1 Novemba 2023, watu wazima walisalimiana wiki nzima kwa kunyoosha vidole vitano. Na tazama wanachobeba mashabiki barabarani baada ya ushindi: jeneza. Hakuna aliyewafundisha. Mtani wa Kariakoo bado anakwenda kuzika.

Kwa insha yako basi, nakushauri hivi. Kwa watu wako wote kwa pamoja andika "wakejeli wa jamii", maana linabeba kicheko na ukosoaji bila kuahidi ujamaa ambao haupo. Wanapoandika, waite waandishi wa tashtiti. Anayechora ni mchora katuni, au mchora vibonzo ukitaka kumfurahisha msahihishaji wa Kitanzania. "Mdhihaki" mwachie yule asiye na nia ya kurekebisha kitu, na "chale" mwachie anayeanguka ili watoto wacheke. Neno mtani litumie mahali pamoja tu: unapotaka kusema kuna jamii zilizoiweka kazi ya mkejeli ndani ya mila, zikampa malipo, zikamwekea mpaka, na zikamhakikishia kwamba zamu yake itafika.

Hilo la zamu si la mfano. Mwaka juzi yule mzee alifariki, na wazee wa ukoo wetu waliokuwa wanajua kazi walikuwa wametangulia. Nikaangaliwa mimi, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu. Nililala kaburini kwake nikiwa na suti, udongo ukiwa bado na maji ya mvua ya usiku, nikatangaza kwamba sitoki mpaka nilipwe jogoo mmoja mkubwa pamoja na vifaranga wote ambao angewazaa kwa miaka 22. Mjane wake, yuleyule wa kijiko cha sukari, alichungulia kutoka ukingoni. "Mwalimu," aliniambia, "jogoo hazai. Ndiyo haya mliyokuwa mkiwafundisha watoto wetu?"

Walinivuta juu watu wanne. Kuku sikupewa.